Stika kwenye kadi za mkono: karatasi gani, gundi gani, na namna ya kubandika

Msikilizaji wetu, maandishi ya rangi unayoyaona kwenye tangi la bodaboda, ubavuni mwa daladala na kwenye kioo cha wakala wa fedha mara nyingi hayakupakwa kwa brashi. Ni stika, yaani utando mwembamba wa plastiki wenye gundi mgongoni, unaokatwa kwa umbo la herufi au picha kisha kubandikwa. Jina lake la kiwandani ni vinaili. Siku hizi utando huohuo umeingia kwenye kadi za harusi, za kipaimara, za Idi na za mahafali zinazotengenezwa kwa mkono, kwenye mifuko ya zawadi ya karatasi na kwenye majalada ya madaftari. Unapendwa kwa sababu unatoa rangi iliyokolea na ukingo safi ambao kalamu haiutoi. Ukikata kwa mkono hauhitaji umeme, na vipande vinavyobaki kwa fundi wa mabango vinatosha kabisa kwa kazi ya kadi.

Ugumu ni kwamba stika ya fundi wa mabango ilikusudiwa bati, kioo na plastiki. Karatasi ina tabia zake. Fikiria mtu aliyepokea kazi ya kadi 100 za mchango wa harusi, akatumia malipo ya awali kununua vifaa, halafu siku chache kabla ya kuzigawa kadi zinaanza kupinda na herufi kunyanyuka. Atarudia kazi kwa fedha yake, tena usiku, maana kamati ya harusi ina tarehe zake. Wengi mnaotuandikia kuhusu kazi hii mnauliza bei ya mashine. Tunaomba tuanze na karatasi na gundi kwanza, kwa sababu hasara nyingi hutokea hapo.

Tabaka tatu

Chukua kipande cha stika ukikunje pembe. Utaona juu kuna utando wa rangi, katikati kuna gundi isiyokauka, na chini kuna karatasi ya mgongoni inayoteleza. Utando wenyewe ni plastiki ya PVC iliyolainishwa kwa viungo maalumu. Bila viungo hivyo PVC huwa ngumu, kama ile ya mabomba ya maji. Ulainishaji huo uligunduliwa mwaka 1926 na Waldo Semon, mkemia wa kampuni ya Goodrich ya Marekani. Kuhusu gundi ya kubandika bila kulowesha, Mmarekani mwingine, R. Stanton Avery, alianza mwaka 1935 kutengeneza lebo za bei zinazojibandika zenyewe. Karatasi ya mgongoni imepakwa silikoni ndiyo maana gundi haiishiki. Usiitupe, tutakuonyesha kazi yake baadaye.

Unene wa utando wa kawaida hauzidi sehemu 1 ya 10 ya milimita. Ni mwembamba kiasi kwamba chembe ya mchanga iliyonaswa chini yake huonekana kama kipele. Wasikilizaji wa Dodoma na Singida mnajua vumbi la kiangazi linavyoingia hata kwenye chumba kilichofungwa. Futa meza kwa kitambaa chenye unyevu kabla ya kuanza, ukaushe, na ubandike mbali na dirisha lenye upepo.

Jambo moja la dukani. Kuna vinaili nyingine inayofanana sana na hii, nayo ni ile ya kuchapia fulana kwa pasi. Haina gundi ya kunata. Ukiigusa mgongoni haishiki kidole mpaka ipate joto. Mtu asiyeuliza huweza kuuziwa hiyo akafika nayo kijijini. Omba ubandue pembe kidogo, uguse. Vilevile stika ya kawaida usiipige pasi na usiipitishe kwenye mashine ya moto ya kufunika vyeti kwa plastiki, kwa sababu joto huifanya ijikunje.

Gundi na ngozi ya karatasi

Hapa ndipo penye siri ya kazi yote. Gundi ya stika inafanya kazi kwa kukandamizwa, na nguvu yake huongezeka kadiri muda unavyopita. Dakika ya kwanza unaweza kuibandua ukaisogeza. Baada ya siku nzima imeshika kikamilifu. Kwenye kioo hilo halina shida, kwa sababu kioo hakichaniki. Karatasi imejengwa kwa nyuzi ndogo zilizoshikamana, na mara nyingi mshiko wa gundi kwa nyuzi za juu huwa mkubwa kuliko mshiko wa nyuzi hizo kwa zile za chini. Ukibandua, karatasi inabanduka ngozi na kadi imekwisha.

Kwa hiyo kwenye karatasi una nafasi moja. Fundi wa mabango akikosea kwenye kioo hupuliza maji ya sabuni, stika ikaelea, akaisogeza. Wewe huwezi, maji yataikunja kadi. Mafuta ya taa yanayoondoa mabaki ya gundi kwenye kioo yataacha doa lisilotoka. Stika ikikaa upande kwenye kadi, dawa pekee ya uhakika ni kuifunika kwa nyingine kubwa kidogo, au kuitupa kadi.

Gundi zenyewe ziko za aina mbili. Kuna ya kudumu, ya mabango na magari, na kuna ya kubanduka, inayotumika kwenye kuta za ndani na matangazo ya muda mfupi. Kwa mfano, kwa stika za kampuni ya ORAFOL ya Ujerumani, ORACAL 651 ina gundi ya kudumu na ORACAL 631 ina gundi ya kubanduka. Lakini vijijini na miji midogo roli nyingi huuzwa vipande vipande, bila jina wala namba, na muuzaji mwenyewe hajui. Jipimie. Bandika kipande cha ukubwa wa kucha kwenye karatasi utakayotumia, kandamiza, uache mpaka kesho, kisha kibandue polepole. Kikitoka na ngozi ya karatasi, hiyo ni gundi ya kudumu na inafaa kwa kadi. Kikitoka kisafi, ama gundi ni ya kubanduka, ama karatasi ina nta au vumbi. Jaribu tena juu ya karatasi nyeupe ya kawaida ya A4 ili ujue ni ipi kati ya hizo.

Kwa maoni yetu kadi ya kugawa ibandikwe gundi ya kudumu. Ya kubanduka iachie kazi nyingine nzuri sana, ambayo watu wengi hawaijui: kuziba. Unakata ua kwenye kipande cha stika, ua lenyewe unaliweka pembeni, na kile kipande chenye tundu unakibandika kwenye kadi kwa muda. Unapaka rangi kwa sponji kavu kwenye tundu, kisha unabandua ungali mapema. Ukikipunguzia kipande hicho nguvu kwanza kwa kukibandika na kukibandua kwenye kanga safi mara tatu au nne, hakitachuna karatasi. Kipande kimoja huweza kupiga kadi kadhaa kabla gundi haijachoka.

Karatasi ipi

Karatasi ya kudurufia ya gramu 80 ni nyepesi mno kwa kadi yenye stika. Karatasi hunyonya unyevu wa hewa ikatanuka, na hewa ikikauka nayo hujikusanya. Stika haifanyi hivyo. Sehemu iliyobandikwa inabaki na kipimo chake wakati karatasi iliyoizunguka inasogea, ndipo kadi inapopinda kama jani. Watu wa Tanga, Mtwara na visiwani mtaliona hili zaidi wakati wa mvua, lakini hata bara kadi iliyotengenezwa asubuhi yenye ukungu hubadilika mchana jua likiwaka.

Tumia manila au karatasi ngumu ya gramu 200 na kuendelea, isiyo na mikwaruzo. Kama huna, chukua karatasi nyepesi uipe bitana: bandika karatasi ya pili upande wa ndani, nyuma ya pale stika itakapokaa, na uache ikauke chini ya vitabu vizito kabla ya kubandika stika. Hii inasaidia sana, na pia inaficha mikwaruzo ya kisu.

Karatasi yenye pambo la kumetameta usijaribu. Gundi itashika chembe za pambo, na chembe zitaachana na karatasi. Karatasi za mkono zilizofumwa kwa nyuzi za migomba zina uso wenye vilima na mabonde, kwa hiyo stika hugusa vilima tu. Kwenye hizo kata kwanza umbo kwenye manila, bandika stika juu ya manila, halafu gundisha manila hiyo kwenye kadi kwa gundi ya kawaida. Itaonekana imeinuka kidogo na wateja wengine huipenda hivyo.

Mkunjo wa kadi uache wazi. Stika inayopita juu ya mkunjo itafunguliwa na kufungwa kila mtu anaposoma kadi, na itanyanyuka hapo kwanza. Nafasi ya sentimita 1 kila upande wa mkunjo inatosha.

Kukata kwa mkono

Vifaa ni kisu cha karatasi chenye wembe mpya, rula ya chuma, kipande cha kadibodi ngumu cha kukatia, na mkasi mdogo. Wembe mpya tunausisitiza. Uliochoka huvuta utando badala ya kuukata, ukingo ukabaki na nywele.

Njia rahisi ni mkasi. Chora umbo kwenye karatasi ya mgongoni, kata tabaka zote kwa pamoja. Kumbuka tu kwamba ukichora mgongoni, upande wa kulia utakuwa kushoto ukigeuza. Moyo na nyota havijali, lakini herufi zinajali. Andika jina kwenye karatasi nyepesi kwa kalamu nzito, ligeuze lielekee kioo cha dirisha chenye mwanga, kisha ulinakili mgongoni mwa stika jinsi linavyoonekana kinyume.

Njia ya pili inatoa kazi safi zaidi kwa maneno marefu. Bandika mchoro wako juu ya stika kwa vipande vya selotepu, kisha pitisha kisu kwa mkono mwepesi ili kikate mchoro na utando, lakini kisifike chini ya karatasi ya mgongoni. Hapa hugeuzi chochote. Mkono huchukua muda kuzoea uzito huo. Fanya majaribio kwenye pembe, ugeuze uangalie mgongoni: ukiona alama hafifu bila tundu, umepata. Kata kwanza matundu ya ndani ya herufi kama A, O, P na R, halafu ndipo ukate ukingo wa nje. Ukianza na nje, herufi inalegea na kutembea wakati unahangaika na tundu.

Baada ya kukata unachambua, yaani unaondoa utando usiotakiwa na kuacha herufi zimesimama kwenye karatasi ya mgongoni. Tumia ncha ya sindano. Vuta utando ukiulaza karibu na karatasi, usiuvute kwenda juu, maana utang'oa na herufi. Watoto wakikusaidia wape kazi hii ya kuchambua. Kisu kibaki mkononi mwako.

Kukatiwa na mashine

Mafundi wa stika katika miji mingi ya wilaya wana mashine inayofuata mchoro wa kompyuta na kukata utando peke yake. Kwa kadi chache kwa kweli haina haja. Kwa kadi 100 zenye majina ya maharusi piga hesabu ya muda: kadi moja ikikuchukua dakika 12 kwa mkono, zote ni saa 20 za kuinama juu ya meza. Hapo mashine inajilipa.

Mashine inafuata mstari, haisomi picha. Ukituma picha ya kadi iliyopigwa kwa simu, fundi atalazimika kuichora upya na atakutoza. Andika kwa rangi nyeusi iliyokolea kwenye karatasi nyeupe, piga picha kukiwa na mwanga wa kutosha bila kivuli cha mkono, na kwenye WhatsApp itume kama hati badala ya kama picha, kwa sababu picha za kawaida hupunguzwa ubora njiani. Afadhali zaidi ni kumwandikia maneno, naye achague mwandiko alio nao kwenye kompyuta. Soma herufi kwa herufi kabla hajakata. Jina la bibi harusi likikosewa mara 100 hakuna mtu atakayekurudishia fedha.

Kwa majina ya kadi usishuke chini ya urefu wa milimita 5 kwa herufi ndogo, na epuka miandiko yenye mikia myembamba kama uzi. Mashine inaweza kuikata, lakini kidole chako hakitaweza kuichambua.

Roli nyingi zina upana wa sentimita 61. Kipande cha mita 1 cha roli hiyo, ukikigawa kwa mkono katika miraba ya sentimita 6, kinatoa safu 10 za miraba 16, yaani 160. Mashine huhitaji nafasi ya kushikia pembeni, kwa hiyo hesabu safu 9, ambazo ni miraba 144. Kadi 100 zinatoshelezwa na kipande kimoja na akiba inabaki. Ifanye akiba hiyo iwe ya kweli: kwa kila kadi 100 kata maumbo 110. Na kabla ya kununua mita nzima ulizia vipande vinavyobaki kwa fundi. Vya upana wa kiganja kwake ni taka, kwako ni kadi.

Kuhamisha na kubandika

Neno lenye herufi nyingi huwezi kulibandika herufi moja moja likakaa sawa. Mafundi hutumia tepu pana ya kuhamishia: wanaibandika juu ya neno lote, wanasugua, wanabandua karatasi ya mgongoni, na neno linabaki limening'inia kwenye tepu tayari kwa kubandikwa. Kwenye kadi tepu yao ni kali mno na itachuna karatasi. Badala yake tumia tepu ya karatasi wanayotumia mafundi rangi kuzibia kingo, nayo uipunguzie nguvu kwenye kanga kama tulivyosema. Inatakiwa iwe na nguvu ya kunyanyua herufi tu.

Weka alama mbili hafifu za penseli kwenye kadi. Laza neno mahali pake likiwa bado na karatasi yake ya mgongoni, lishikilie katikati kwa kipande cha tepu, kama bawaba. Nyanyua upande mmoja, bandua karatasi ya mgongoni mpaka katikati uikate, kisha ulaze upande huo huku ukisugua kutoka katikati kwenda nje. Rudia upande wa pili. Kwa kusugulia, ile kadi ya plastiki inayokuja na laini ya simu inafaa kuliko kidole, ambacho kina joto na mafuta. Mwisho bandua tepu ukiikunja nyuma juu yake yenyewe, polepole, ikiwa imelala karibu na kadi. Ukiona herufi inafuata tepu, irudishe, sugua tena.

Povu dogo la hewa litoboe kwa sindano kando yake, sukuma hewa itoke. Kisha zilaze kadi chini ya vitabu mpaka kesho yake, ndipo gundi ishike.

Majina ya waalikwa yaandike kwenye karatasi, usiyaandike juu ya stika. Wino wa kalamu ya kawaida haukauki vizuri juu ya plastiki na utahamia kwenye kidole cha mpokeaji. Kama ni lazima, tumia marka isiyofutika na uache dakika kadhaa bila kugusa.

Kwa ujumla, stika ikae kidogo kwenye kadi. Tumeona kadi zilizofunikwa zote kwa utando wa dhahabu, na zinang'aa kweli siku ya kwanza. Lakini ni nzito, zinapinda, zinaonyesha kila alama ya kidole. Herufi mbili za maharusi na mstari mwembamba chini yake vinatosha, na vinakugharimu kidogo.

Mifuko, na mabaki

Tangu Tanzania ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa, Juni 1, 2019, mifuko ya karatasi ya kaki imeongezeka sokoni, na wenye maduka madogo hupenda iwe na jina lao. Stika inashika vizuri kwenye kaki laini. Bandika mfuko ukiwa umelala, mbali na mikunjo ya pembeni. Ila kwa mifuko mingi muhuri wa wino ni nafuu na mfuko unabaki karatasi tupu inayooza. Stika iache kwa mifuko michache ya zawadi.

Kabla ya kupeleka kadi kwa mteja, weka kati ya kadi na kadi kipande cha ile karatasi ya mgongoni, upande unaoteleza ukigusa stika. Kadi zikikaa kwenye mkoba juu ya pikipiki mchana wa jua, gundi hulainika na kutokeza kidogo kwenye kingo, zikashikana. Zifunge kwa karatasi, zikae kivulini.

Vipande vya utando vilivyochambuliwa usivitupe jikoni kuwashia mkaa. PVC ikiungua hutoa gesi ya haidrojeni kloridi, inayochoma macho, koo na mapafu, na kwenye jiko la ndani wanaoivuta kwanza ni mama anayepika na mtoto aliye mgongoni. Vifungashe pamoja kwenye mfuko uvipeleke panapokusanywa taka. Karatasi ya mgongoni nayo isichanganywe na karatasi za kuuza kwa kilo, kwa sababu silikoni yake huiharibu. Endelea kuitumia kwenye meza yako kuwekea vipande vidogo vya stika ambavyo bado vina kazi.